Bei ya Jino la Juu Kushoto

Amani, 21 Februari 1954

Dada yangu Mwatumu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na naomba barua hii ikukute jikoni unapepea moto wa vitumbua vyako, isikukute kitandani. Huku ukungu umeingia tangu Jumatano na haujaondoka. Nikinyoosha mkono naviona vidole, zaidi ya hapo sioni kitu. Kazi ni ile ile ya kuzunguka bustani ya miti waliyoipanda Wajerumani na kupigilia upya vibati vya namba vilivyodondoka. Miti mingine jina lake silijui, najua namba tu. Juzi nilipita chini ya mti wa kafuri, harufu ikanipeleka moja kwa moja kwenye kasha la nguo la mama. Nikasimama pale hata sijui muda gani, mpaka Luka karani akaniita mara mbili.

Sasa nikwambie lililonikaa moyoni. Manase, yule Msambaa dereva wa lori la mbao, alialikwa harusi Nguvumali mwezi uliopita. Alikuwa barazani na wanaume, akasikia wimbo wa kumtoa bibi harusi unaanzishwa na sauti kavu asiyoijua. Akashangaa, maana harusi za huko wimbo huo ni wako. Akauliza, wakamwambia, "Bi Mwatumu haimbi siku hizi, meno yamemwisha." Baadaye akakuona unapita na sinia, ncha ya kanga umeibana mdomoni. Dada, nililia. Mtu mzima na mvi zangu, nililia mbele ya Manase. Mimi nimelala mgongoni mwako nikiwa mtoto, na sauti yako nilikuwa naisikia ikipita mfupani kabla haijafika sikioni.

Luka ana meno ya bandia, juu na chini. Huyavua akila embe akayaweka kwenye kikombe cha bati, na kikombe hicho hakuna anayekigusa. Nimemuuliza bei, anasema alitengenezewa kabla ya vita, amesahau. Basi nenda kwa daktari wa meno hapo mjini ukaulize. Usiniandikie jumla peke yake, niandikie kila kitu na bei yake, nielewe pesa inakwenda wapi. Atakayelipa ni mimi.

Mdogo wako,
Uweso bin Jaku


Ngamiani, 9 Machi 1954

Mdogo wangu Uweso,

Marahaba, marahaba sana. Mimi sijambo, mguu tu unanisumbua mvua ikikaribia. Nyumba ya baba ipo, ukuta wa uani nimeukandika upya. Barua yako nimeisoma mara tatu. Samahani kwa mwandiko, herufi zangu za Kiarabu ni zile zile alizonifundisha baba, ila mkono siku hizi unazichezesha. Na huyo Manase mwambie akija Tanga asipite kwangu, vitumbua vyangu siwauzii wambea. Natania. Mwambie apite.

Nimekwenda, kwa ajili yako. Daktari mwenyewe Muhindi mzee, mpole, ana vidole vinavyonuka karafuu. Anaye msaidizi, Beatrisi, binti wa Kibondei, mkristo mwenye adabu, ndiye aliyenitafsiria na kunieleza yote. Nilikaa kwenye kile kiti, kikalala chenyewe kwa nyuma, nikawa natazama dari. Yakhe, nilijiona naelea. Pangaboi lilikuwa linazunguka taratibu, nikasahau nimefuata nini.

Umetaka kuelewa, basi elewa. Kwanza wanakujaza mdomoni unga mweupe uliokorogwa na maji, ukaganda, wakautoa, ndio sura ya fizi zako. Kazi hiyo shilingi thelathini. Halafu sahani ya juu mia na hamsini, ya chini mia na hamsini. Nikasema, "Mwanangu Beatrisi, sahani mbili kwa mia tatu, zina dhahabu?" Akacheka, akanionyesha kisanduku. Meno yamepangwa safu safu juu ya nta, yametoka Uingereza, kila safu na rangi yake, meupe ya vijana na ya manjano kidogo ya watu wazima. Nikamuuliza kama wanayo yaliyokwisha kula tambuu, akasema hayo hawayaleti. Kila jino fundi analisaga kwa mkono likutane na mwenzake, asipofanya hivyo ukitafuna sahani inaruka. Ndiyo maana ghali. Na baada ya kung'oa lazima ukae miezi mitatu kibogoyo, fizi zikauke na kunywea, la sivyo sahani itakuja kulegea uivae kama kiatu cha kuazima.

Jambo la mwisho, kuling'oa jino lililobaki, shilingi tano. Ninalo moja, lile chonge la juu kushoto. Nilimuuliza kama hawawezi kulizunguka. Daktari akalishika kwa kidole, akatikisa kichwa.

Jumla shilingi mia tatu thelathini na tano. Ni mshahara wako wa karibu miezi mitano. Umeuliza, nimekujibu, sasa tuliache. Uji sihitaji kuutafuna.

Dada yako,
Mwatumu


Amani, 2 Aprili 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Huku wazima wote. Ukungu ulipotoka siku mbili tukaiona bahari kwa mbali, mstari mwembamba, nikamwonyesha Luka nikisema dada yangu yuko mwisho wa ule mstari. Akasema huo si bahari ni moshi wa mkonge. Tukabishana mpaka ukungu ukarudi, na hakuna aliyeshinda.

Sitaliacha. Manase anakuletea kopo la majani ya chai. Chini ya majani utakuta shilingi mia mbili, zilizobaki nitaleta baada ya Idi. Ile ya kung'oa nimeifunga peke yake kwenye karatasi ya bluu, noti moja ya shilingi tano. Anza na hiyo. Ndiyo ndogo kuliko zote, na bila hiyo miezi mitatu haianzi kuhesabiwa.

Usiulize nimeipata wapi. Mtu aliyekaa msituni miaka mingi hana pa kutumia.

Uweso


Ngamiani, 28 Aprili 1954

Mdogo wangu,

Baada ya kukujulia hali, na kukuambia kwamba mimi ni mzima ila mvua za masika zimeninyima kuni kavu, nakushukuru. Kopo limefika na hesabu ni kamili. Majani ya chai mazuri, yananuka ukungu wako.

Kwa daktari sijakwenda. Alisafiri kwao Bombay. Amerudi juzi, lakini Ramadhani hiyo iko mlangoni, na mtu akiwa amefunga atang'oaje jino ameze damu? Tutaona mbele. Usinikasirikie.

Niliota. Niko katika nyumba ya baba lakini haina kuta, ina paa na nguzo moja. Mama anafagia, mgongo amenipa. Namwambia, "Mama, nguzo zingine ziko wapi?" Anafagia tu. Nikaishika ile nguzo iliyobaki, ikawa na joto kama mkono wa mtu. Nikaamka nimekishika kichwa cha kitanda. Hebu niambie, kifua chako kikoje? Unavaa fulana ya sufu? Na baiskeli yako iko wapi? Manase anasema siku hizi unatembea kwa miguu.

Mwatumu


Amani, 20 Juni 1954

Dada Mwatumu,

Shikamoo, na mkono wa Idi. Usishangae mwandiko, anayeandika ni Luka, wangu mkono umechoka kwa kupiga nyundo. Mwezi wa Mei kazi zilikuwa nyingi, ndiyo maana nilikaa kimya. Kifua hakina neno. Baiskeli iko kwa Luka.

Dada, nimekasirika na nasema wazi. Nimemtuma Manase apite kwa Beatrisi kuuliza. Daktari hakwenda Bombay wala popote. Yupo, na kiti kipo, wewe ndiye hujafika. Nakuletea shilingi mia na thelathini na tano zilizobaki, sasa huna la kusingizia. Unaogopa maumivu? Wewe uliyezaa bila kupiga kelele? Nasikia wiki iliyopita harusi ya mjukuu wa shoga yako wa tangu utotoni ilikupita, ukajifanya una mafua. Na wao watazoea kutokuwepo kwako, dada. Watu wanazoea upesi. Nakujua, wimbo ukikutoka utalala kitandani ungoje kufa, na mimi nitabaki na nani? Ni shilingi tano tu, jambo rahisi kuliko yote kwenye hesabu yako.

Uweso


Ngamiani, 15 Julai 1954

Uweso,

Leo salamu zitakuwa fupi. Mimi mzima. Wewe hukuwa mzima mwezi wa Mei, na umenificha. Tarehe kumi na mbili ya Ramadhani jino langu lilizidi kulegea ghafla. Mchana kutwa nililishika kwa ulimi, futari sikula ila uji wa kunywa, na siku ya saba likatulia. Niambie mwenyewe ulikuwa na nini. Mtu hapigi nyundo mpaka ashindwe kushika kalamu.

Nimekudanganya kuhusu Bombay. Sasa sikiliza kwa nini, na ukicheka, cheka huko huko Amani.

Unakumbuka bibi alivyokuwa akitufundisha maana ya ndoto? Meno ya juu ni wanaume wa nyumba, ya chini ni wanawake. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani ni mchezo. Mimi sikuota tu, mimi nilihesabu. Jino la mbele la juu lilitoka wiki aliyofariki baba. La chini, mama, nalo nililitema siku moja kabla. Kaka yetu Mzee, juu kulia. Ndugu yetu Salme, chini, akiwa na mimba ya saba. Magego sikuyajali, hayo ni mashemeji. Hili chonge la juu kushoto liliniota nikiwa na miaka kumi na moja, mwaka ule ule uliozaliwa wewe. Nilikubeba mgongoni huku fizi inaniuma. Bibi akalipapasa akasema, "Huyo hapo mdogo wako, amekuja mara mbili." Nimelitafunia upande wa pili miaka yote hii. Sikuwahi kulivunjia hata kashata.

Na daktari ameniambia neno ambalo sikukuandikia. Amesema limelegea, mwaka hautaisha kabla halijatoka lenyewe.

Hiyo ndiyo shilingi tano yako. Noti iko kwenye karatasi yake ya bluu, sijaifungua. Nikubali kukutoa mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na nilipe juu yake, nipate nini? Nipate kuimba kwenye harusi za watu?

Jingine, kwa kuwa leo nasema. Miaka sita hujashuka Tanga. Safari ya siku moja tu. Mama alipofariki tulikungoja mpaka siku ya tatu. Tukakunja majamvi. Sijakuuliza hata siku moja, na leo pia sikuulizi. Nimelitaja tu.

Mwatumu


Amani, 11 Agosti 1954

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Shikamoo. Sikucheka. Niliisoma barua yako chini ya mti namba mia nne na kumi, nikakaa chini, na matone yakawa yananidondokea kutoka juu bila mvua.

Ni kweli nilikuwa na homa ya mapafu. Siku kumi na nane. Luka ndiye aliyeninywesha uji. Siku nyingine nilikuwa sijui niko wapi, naona miti imevuliwa vibati vyote na mimi naulizwa kila mmoja jina lake. Sikutaka kukutia hofu. Na baiskeli nimeiuza, Luka ameinunua. Ndiyo kopo la chai. Sijutii, njia za huku baiskeli nilikuwa naisukuma kuliko inavyonibeba.

Na lile ambalo hukuuliza, nitalijibu. Nilifika. Simu ya maandishi ya mauti ilikuwa imekaa posta Muheza, nikaipata mama amekwisha zikwa. Nikashuka na lori, nikatembea mpaka kona ya mtaa wetu. Nikawaona mnakunja majamvi. Nikafikiri, nitaingia nimwambie nini dada, mama amezikwa na udongo wake sikuutia hata kiganja kimoja. Nikageuka. Tangu hapo kila nikitaka kushuka nakiona kile kijamvi cha mwisho mnakikunja. Aibu imekuwa kubwa kuliko njia, na kila mwaka inaongezeka. Nisamehe.

Sasa hesabu yako mimi naielewa hivi. Unaogopa jino litoke mimi niko mbali, usijue kama nipo au sipo. Basi mimi nitakuja. Nimeomba ruhusa, nitashuka Ijumaa tarehe ishirini na saba na lori la Manase. Nitakaa mbele ya kile kiti, unishike mkono, unitazame usoni, na daktari aling'oe. Likitoka nami bado nakutazama, bibi yetu atatusamehe. Na kama bibi alisema kweli, basi niwe karibu nawe, si huku kwenye ukungu.

Nipikie boko boko. Nimeisahau ladha yake.

Uweso


Ngamiani, 5 Desemba 1954

Mdogo wangu Uweso,

Marahaba ya shikamoo uliyoniachia mlangoni, maana siku ile sikuweza kuitikia. Mimi mzima, nyumba nzima, mguu mzima pia, hakuna mvua. Kifua chako natumai kimo ndani ya fulana niliyokununulia.

Hatukuzungumza, na hilo linanikera. Miaka sita nakungoja, unakuja siku mbili, nami kinywa kimejaa pamba! Nikawa nakutazama tu unavyokula boko boko yangu peke yako. Kwa hiyo niliyotaka kukuambia nayaandika.

Pale kwenye kiti nilikubana mkono, nikahisi lile jino linaondoka, na nikakuona unafumba macho. Roho ikaniruka. Nikajua ndiyo basi. Kumbe unalia, mjinga wewe, na Beatrisi naye analia hajui analilia nini, na daktari mzee kashika koleo anatushangaa. Ukafumbua macho ukaniambia, "Nipo, dada." Maneno mawili hayo nimekaa nayo miezi mitatu ya ukibogoyo. Kila asubuhi nikipepea moto nayasikia.

Na ile kona. Uweso, nilikuona. Siku ya tatu ile, nilikuwa nimeshika ncha moja ya jamvi, nikainua macho, nikaliona koti lako la kaki. Ningeweza kuita. Sauti nilikuwa nayo wakati ule, na meno nilikuwa nayo. Nikasema moyoni, aje mwenyewe, kwa nini nimwite mimi. Nikainama nikaendelea kukunja. Nilipoinua tena hupo. Miaka sita nimekuacha ubebe aibu peke yako kumbe nusu ni yangu. Nisamehe na wewe.

Sahani nimezivaa Jumatatu. Siku mbili za kwanza nilikuwa najisikia nimebeba nyumba ya mtu mdomoni. Jana nilikwenda Nguvumali, kuna harusi. Wakaniuliza, "Bi Mwatumu, utakaa wapi?" Nikawaambia nitakaa pale ninapokaa. Nikauanza wimbo wa kumtoa bibi harusi. Ubeti wa kwanza sahani ya juu ilicheza kidogo, nikaibana. Wa pili sikuifikiria tena. Wanawake wakaitikia, wengine wakalia, na shoga yangu, yule niliyemdanganya nina mafua, akanipiga kofi la mgongo akisema, "Ulikuwa wapi, mwizi wewe?" Nimerudi nyumbani sijui nilitembea au nilibebwa.

Leo nimejitazama kwenye kioo. Meno ishirini na nane, yote ya Kiingereza, yamesimama sawasawa, hayana baba wala mama. Nimeyatazama moja moja na sikulipatia hata moja jina. Hayo ni ya kutafunia na kuimbia tu. Yale yangu ya zamani bibi aliyapa majina bure, nikalipa yalipoondoka.

Bahasha hii ina kitu, ifungue taratibu. Nimekifunga kwenye pamba, na juu yake ile karatasi yako ya bluu. Ni wewe. Daktari alitaka kulitupa, Beatrisi akanifichia. Usilitupe juu ya paa kama tulipokuwa watoto, hakuna jipya litakalokuja badala yake. Mimi nimekuchunga mdomoni miaka hamsini, Uweso, na mahali pako sasa amekaa mgeni. Kuanzia leo jichunge mwenyewe. Na ushuke.

Dada yako,
Mwatumu binti Jaku